Kurasa Alizoruka Mkunga

"Mwanaume huyu ni bure kabisa!" alisema Msusi, na msuko aliokuwa ameushika akauvuta kwa hasira hadi mkunga aliyeketi mbele yake akapiga ukelele.

"Ala! Kichwa changu kimekukosea nini? Kamvute yeye!"

"Ningempata ningemvuta masikio yote mawili. Hebu rudia hapo, Mkunga. Labda sikusikia vizuri."

Mkunga akakiinua kitabu usawa wa pua, kwa kuwa kichwa chenyewe hakikuruhusiwa kuinama, akasoma tena: "'Kulipopambazuka, mpangaji alikuwa amekwisha kuondoka. Chumba cha uani kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, na ndoo aliyoazima imerudishwa mahali pake.'"

"Ndoo amerudisha!"

"Amerudisha."

"Na binti wa watu hakumwambia neno?"

"Si umesikia mwenyewe?"

"Hata kwaheri?"

"Hata kikohozi."

Msusi akasonya. Kwenye benchi karibu na mlango alikaa mama yake, akifuma kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na meza bado. Hakuinua macho.

"Wapo wengi," alisema mama. "Wanaume wa kurudisha ndoo."

Katika saluni ile vitabu havikusomwa kama vinavyosomwa kwingine. Mikono ya Msusi ilikuwa na kazi tangu anapofungua mpaka anapofunga. Mikono ya mteja haikuwa na kazi yoyote. Kwa hiyo mteja ndiye aliyesoma, kwa sauti, na Msusi akasuka huku akisikiliza. Nywele ndogondogo hula siku nzima, na siku nzima ni sura nyingi. Karani wa mahakama alikuwa na riwaya yake ya mpelelezi mwenye kikohozi. Mteja mwingine alianza hadithi ya mapacha wiki aliyokuwa anaolewa, akaolewa, hakurudi, na mpaka leo Msusi hajui ni pacha yupi aliyemtilia mjomba sumu. Mkunga ndiye aliyeleta *Mpangaji wa Chumba cha Uani*. Aliisoma kila alipokuja kusuka, na akiondoka kitabu kilibaki rafuni, kati ya chupa za mafuta na machanuo, kikimngoja.

Sheria ilikuwa moja, na aliyeitunga ni mama: hakuna kusoma mbele. Anayetaka kujua kitakachotokea akae kitini asukwe kama wenzake.

Na alikuwapo msikilizaji mwingine. Zamani pale palikuwa na duka moja kubwa, kisha mwenye jengo akaligawa kwa ukuta wa plaiwudi, mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya upande huu unaambiwa "afya" upande wa pili. Upande wa pili alikaa fundi saa. Kazi ya saa haina kelele. Mtu huinama juu ya meza, lenzi jichoni na kibano mkononi, na masikio yake yanabaki huru kwenda yanakotaka. Ya fundi saa yalikwenda saluni.

Alijitokeza siku moja draya ilipokuwa ikinguruma. Aligonga ukuta kwa adabu. "Samahani, majirani. Hapo sikusikia. Alifungua mlango au hakufungua?"

Tangu siku hiyo hawakukosa la kubishania.

"Kile cha mpelelezi usikipotezee muda, jirani," fundi saa aliwahi kusema kupitia plaiwudi. "Nilikisoma zamani. Muuaji anatajwa ukurasa wa mwisho, na ni mtu ambaye hatujawahi hata kumwona."

"Mimi nampenda mpelelezi mwenyewe. Anakohoa, lakini anajua anachokitaka."

"Na kile cha mapacha?"

"Cha mapacha ndicho hasa!"

"Kizuri. Ila mwandishi wake anapenda mvua mno. Kila mtu akilia, mvua inanyesha."

"Na wewe ulitaka nini, jua liwake?"

Hapo fundi saa alicheka, na kicheko chake kilianza polepole kisha kikashika kasi, kama saa ya zamani iliyotiwa ufunguo. Msusi alikizoea kicheko kile kuliko alivyopenda kukiri. Alikuwa amefika umri wa kuulizwaulizwa na mashangazi, na majibu yalikuwa yamemwishia.

Halafu kulikuwa na jambo la kila asubuhi. Saa ya ukutani ya saluni ilikuwa na ugonjwa wake: kila kulipokucha ilikutwa imechelewa. Fundi saa alipita kabla hajafungua kwake, bisibisi mfukoni, akapanda kigoda, akairekebisha. Aliwahi kuifungua yote na kuichungulia kwa lenzi, asione kasoro.

"Inanishangaza," alisema.

"Basi uje tena kesho," alijibu Msusi.

Akishuka kigodani, kulikuwa na kitambo kidogo ambapo macho yao yalikuwa usawa mmoja, na kila mmoja alisahau alichotaka kusema. Kisha fundi saa alisema "haya," akaenda zake.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Juu ya watu wa vitabuni fundi saa alikuwa msemaji wa kutosha. Juu ya nafsi yake, mdomo aliutia kufuli na ufunguo akaumeza.

Jana jioni Msusi alikuwa amepiga moyo konde. Alikwenda kusimama mlangoni kwake, chanuo mkononi, akasema, "Jirani, huenda nikahama. Dada yangu amefungua saluni kubwa ng'ambo ya mji, ananiwekea kiti. Anataka jibu kesho."

Kibano cha fundi saa kikabaki hewani. Msusi akangoja. Angeambiwa "usiende", hata kwa sauti ya kunong'ona, angempigia dada yake simu papo hapo.

"Ah," alisema fundi saa. "Kule kuna nafasi."

Basi. Kule kuna nafasi! Msusi alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Na asubuhi, ajabu ya Mungu, saa ya ukutani ilikuwa sawasawa. Fundi saa alipanda kigoda, akailinganisha na ya mkononi mwake, akashuka taratibu.

"Imepona," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba. Akasimama kidogo na bisibisi lake, akakosa la kufanya, akaondoka.

Ndiyo maana leo kila nywele ya mkunga ilikuwa ikiadhibiwa.

Simu ikalia. Mikono ya Msusi ilikuwa imejaa mafuta, kwa hiyo mama aliipokea, akaiweka sauti ya juu na kuisogeza karibu kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.

"Niambie," ilisema sauti ya dada mkubwa. Dada mkubwa hakuwa mtu wa salamu ndefu. "Kuna msusi mwingine yuko hapa mbele yangu, anakipapasa kiti chako kama anataka kukioa. Unakuja au huji?"

"Dada, nipe nimalize kichwa hiki."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mkunga."

"Yule mwenye nywele kama msitu? Tutazeeka! Nakunywa chai, nikimaliza napiga. Uwe na jibu."

Simu ikakatika. Mama akairudisha mapajani.

"Nenda," alisema. "Huko utaonwa na watu. Hapa unaonwa na plaiwudi."

"Mama."

"Nasema kweli." Mama alipandisha sauti kidogo, ya kutosha kupenya ubao. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema sana. Lakini niliishi naye nikikisia. Chakula kimempendeza? Nikisie. Ameudhika? Nikisie. Siku aliyoleta kitanda kipya ndipo nilipojua ananipenda, na hata hapo nilidhani ni mgongo unamuuma. Sitaki nawe uzeeke ukikisia, mwanangu. Mwanaume asiyetamka hanifai kwa mkwe, hata awe na mikono ya dhahabu."

Upande wa pili wa ukuta saa nyingi ziligonga kwa pamoja, tik, tik, tik, na katikati yake hakukusikika kitu.

"Mama ana haki," alisema Msusi, naye sauti yake haikuwa ndogo. "Mtu anakaa nawe miezi na miezi. Anakuchotea maji, anakuchekesha, unamzoea. Siku ya kuachana hana hata neno moja la kukuachia! Mimi nawaambia, huyu mpangaji nisingemfungulia hata dirisha."

"Alisema."

Msusi na mama wakageuka kuutazama ukuta. Mkunga hakuweza kugeuka, aligeuza macho tu.

"Nani alisema?" aliuliza Msusi.

"Mpangaji." Fundi saa alikohoa. "Samahani kwa kuingilia. Lakini mnamwonea bure. Alisema kila kitu. Usiku ule ule, pale bombani."

"Bombani walichota maji," alisema Msusi. "Nimesikia kwa masikio yangu. Walichota maji, kukapambazuka."

"Kati ya kuchota na kupambazuka kuna nusu ya sura, jirani."

Msusi akainama taratibu mpaka uso wake ukakutana na wa mkunga, ukiwa juu chini.

"Mkunga. Umeruka?"

"Nimefupisha."

"Umefupisha kiasi gani?"

"Kidogo tu, cha kupunguza safari."

"Nusu ya sura," ilirudia plaiwudi.

"Wewe mtu wa saa, nyamaza!" Mkunga alijifunika uso kwa kitabu. "Umejuaje lakini? Kitabu si hiki hapa?"

"Ninacho changu. Nilikipata kwa muuza vitabu vilivyotumika. Wewe husuki kila siku, dada, nami... nilishindwa kungoja."

"Umesoma mbele!" alisema mama.

"Nimesoma mbele, mama. Nisamehe."

"Sheria ni sheria," alisema mama, na sindano yake ya kufumia ikaanza kwenda mbio.

Msusi hakuwa na habari na sheria. "Mkunga, hebu niambie. Wewe nusu ya mji huu umeipokea kwa mikono yako. Umeona yote yanayoonekana. Leo unaona haya ya karatasi?"

"Mwisho wa safari nimeuzoea, mdogo wangu. Ni mwanzo wake ndio siwezi kuusoma mbele ya mama. Kuna adabu."

"Mama ni mtu mzima!"

"Ndiyo maana!"

"Basi," alisema Msusi, akiuvuta msuko mpya, "asome anayemtetea."

Ng'ambo ya ukuta kiti kililia.

"Mimi?" aliuliza fundi saa.

"Si wewe unayesema alisema? Haya, tusikie alichosema. Kama ni maneno ya maana, nitamsamehe mpangaji. Kama si ya maana, ujue na wewe umo."

"Mbele ya mama?"

Mkunga akafumba macho akingoja radi. Lakini mama alivuta uzi, akaukagua, akasema, "Asome. Plaiwudi imo katikati, hakuna aibu."

Fundi saa alichukua muda mrefu kukipata kitabu, au kuipata sauti. Alipoanza, alianza chini sana, Msusi ikabidi anyamazishe hata vidole.

"'Mpangaji aliiweka ndoo chini. Binti, alisema, kazi yangu ni kupima. Nimepima mabonde, nimepima vilima, na kila nilichokipima nimekiandika kwa tarakimu. Lakini hapa kuna umbali mmoja umenishinda. Kutoka mlango wa chumba changu mpaka jikoni kwenu ni pafupi hata paka hachoki, nami sijawahi kufika.'"

"Mh!" alisema Mkunga. Msusi akamfinya bega.

"'Binti hakujibu. Aliushika mkono wa mpangaji uliokuwa umelowa, akaukausha kwa upindo wa gauni lake, kidole kwa kidole, na hakuwa na haraka hata kidogo.'" Fundi saa akameza mate, na ukuta mzima ulimsikia. "'Kesho naondoka na kazi, alisema mpangaji. Nikirudi sitapita uani. Nitapita mlango wa mbele, mchana, watu wote wananiona. Binti akasema: mlango sitaufunga.'"

Msusi alikuwa ameshika nyuzi tatu za msuko, asizisogeze. Kumbe alisema. Kumbe muda wote alimhukumu mtu bure. Alimwonea huruma mpangaji yule wa karatasi, na zaidi kwa sababu iliyokuwa karibu naye kuliko karatasi.

Fundi saa hakunyamaza.

"Mimi ni mtu wa kuchelewa," aliendelea, na sauti ilikuwa imebadilika kidogo, imepoteza ule mwendo wa kusoma. "Maneno yangu huja mtu akishageuka kwenda. Lakini nimeizoea sauti yako. Nakaa peke yangu nafanya kazi, nasikiliza ukicheka, na siku usipocheka hakuna kinachokwenda mikononi mwangu. Ukiondoka, sijui nitajuaje kwamba kumekucha."

Mkunga alikuwa akipekua kitabu chake kwa kidole gumba, ukurasa mbele, ukurasa nyuma. "Hapo ni wapi?" alinong'ona. "Mbona sipaoni?"

Sindano ya mama ikasimama.

"Hayo hayamo," alisema mama.

"Yapi?" aliuliza Msusi.

"Hayo ya kucheka. Hayamo kitabuni. Ukurasa unaishia kwa binti: mlango sitaufunga. Halafu kuna nyota tatu katikati ya karatasi, halafu kunapambazuka."

Msusi aligeuza kichwa polepole.

"Mama. Umejuaje kuna nyota tatu?"

Mama alikitazama kitambaa chake kana kwamba kimemsaliti. "Nilikuwa nafuta vumbi rafuni."

"Vumbi la ndani ya kitabu?"

"Vumbi halichagui," alisema mama kwa heshima zake zote. "Na usinihoji mimi. Hoji ukuta."

Ilikuwa kweli. Msusi akaugeukia ukuta. Alikuwa akiutazama kila siku, ule ubao wa rangi ya chai, wenye msumari wa kutundikia taulo, na leo ndiyo mara ya kwanza uso wake kuwaka moto kwa kuutazama tu.

"Jirani."

"Naam."

"Kitabu kimeishia wapi?"

"Pale aliposema mama."

"Na yale mengine ni ya nani?"

Kitu kidogo cha chuma kilianguka sakafuni upande wa pili, kikabingirika, kikatulia.

"Ni yangu," alisema fundi saa.

"Basi malizia. Funga kitabu, umalizie."

"Bila kitabu sina maneno mazuri."

"Sitaki mazuri."

Alingoja. Jana alingoja vivi hivi, akapewa nafasi ya ng'ambo ya mji. Mkunga alikuwa ameushika mkono wa kiti kwa nguvu zile zile ambazo kinamama wengine hushika mkono wake yeye wakati wa uchungu.

"Usiende," alisema fundi saa. "Kule kuna nafasi, najua. Lakini usiende. Nilitaka kukwambia jana, nikakuambia upuuzi. Usiende."

Msusi akautazama mlango. Miguu ilitaka kwenda mlangoni, mikono haikuweza: msuko ukiuachia katikati unafumuka wote.

"Lete hapa!" alisema Mkunga, akaunyakua msuko wake mwenyewe na kuushika juu ya kichwa kama bendera. "Nenda, nenda! Mimi nimeushika!"

"Keti," alisema mama.

"Mama, nimesimama."

"Basi simama hapo hapo. Anayepita mlangoni ni yeye. Si amesoma mwenyewe? Mlango wa mbele, mchana, watu wote wanamwona. Kijana!"

"Naam, mama."

"Pita mlangoni kama watu."

Wakasikia hatua zake, chache, zikitoka kwake na kuja kwao. Akatokea mlangoni bado ana lenzi jichoni, jicho moja kubwa kama la bundi na jingine la kawaida. Msusi aliona hilo la kawaida kwanza. Lilikuwa na woga ndani yake, na nyuma ya woga furaha ilikuwa imebanwa, haijapata ruhusa ya kutoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ondoa hicho kidude usoni, tukuone."

Akaiondoa lenzi. Akamtazama Msusi, na safari hii hakukuwa na kigoda wala saa ya kusingizia. Msusi alijifuta mafuta kwenye aproni, akajifuta tena, na mikono ilikwisha kuwa safi.

"Nikuulize," alisema mama. "Umekisoma kitabu mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama."

"Mwisho wake umeuonaje?"

"Msiseme mwisho!" alilia Mkunga, mkono juu. "Mimi mwenye kitabu sijafika!"

Fundi saa alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayeulizwa habari ya saa aliyoletewa kutengeneza. "Umenikera kidogo, mama. Harusi imekuja haraka mno."

"Kurasa mbili tu!" Mama alikipiga kitambaa chake gotini kwa furaha. "Hata nguo ya bibi harusi hatukuambiwa! Nilikaa na jambo hilo moyoni peke yangu, sina wa kumwambia."

"Na yule shangazi mwenye hila, kaishia wapi?"

"Kapotea hewani! Ni uvivu wa mwandishi, huo."

"Mama!" alisema Msusi. "Mmekwisha kuniambia mwisho!"

"Utaishi," alisema mama. Kisha akamwangalia fundi saa kutoka viatu mpaka kichwani, bila haraka. "Lakini kwa watu wa kweli, kijana wangu, bora haraka kuliko nyota tatu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Nitaleta wazee wangu."

"Kwanza mwulize mwenyewe, usimruke kama mkunga."

Simu ikalia. Dada mkubwa alikuwa amemaliza chai. Mama aliishika mkononi, ikilia na kutetema, akamtazama binti yake.

"Nimwambie nini?"

Msusi alimtazama fundi saa, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa inakwenda barabara, mishale yote mahali pake. Mtu aliyetaka mwenzake atamke alikuwa na lake la kutamka, na alijua hatatulia mpaka alitoe.

"Jirani, ile saa yangu haijawahi kuugua."

"Najua," alisema fundi saa. "Niliifungua yote, haina kitu. Ndiyo maana inanishangaza. Kwa nini kila asubuhi ilikuwa nyuma, na leo tu ikawa sawa?"

"Kwa sababu kila nilipofunga nilikuwa nausogeza mshale. Kwa kidole hiki. Jana nilikuwa nimekasirika, sikuusogeza."

Fundi saa akakitazama kidole, akaitazama saa, akamtazama mwenye kidole. Kicheko kikaanza kumjia polepole, kikashika kasi, hata ikambidi ajiegemeze kwenye fremu ya mlango.

"Nimenunua kitabu cha ufundi kwa ajili ya saa ile!" alisema. "Nimekisoma chote!"

"Kizuri?"

"Kibaya sana. Hakina mapenzi hata ukurasa mmoja."

"Kumbe ni mabubu wawili," alisema mama, akatikisa kichwa. "Nami nilikuwa nalaumu mmoja. Haya, simu inalia."

"Ipokee, mama. Mwambie yule anayekipapasa kiti apewe. Mimi hapa nina saluni yangu mwenyewe, na sihami."

Mama akaipokea. Sauti ya dada mkubwa ilijaa chumbani kabla hajasema halo. Mama aliisikiliza mpaka ikaishiwa pumzi.

"Haji," alisema mama. "Hapana, si mgonjwa. Amepata nafasi hapa hapa... Najua chumba ni kama kabati. Kitapanuka, kuna ukuta wa plaiwudi hauna kazi tena... Ndiyo, yule yule wa saa... Amesema! Nakwambia amesema, nimesikia mwenyewe. Tena bila kusoma." Akaondoa simu sikioni, akaiziba kwa kiganja. "Anauliza kama ana kaka."

"Mwambie akija kukaa kitini asukwe, nitamjibu," alisema Msusi.

Mkunga alikuwa bado ameushika msuko juu, mkono unatetemeka. "Na mimi je? Nirudi nyumbani nusu msitu, nusu shamba?"

Msusi akaupokea msuko, akarudi nyuma ya kiti. Fundi saa alivuta kigoda kile kile cha kupandia, akakaa karibu na dirisha, akakifungua kitabu chake.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

"Pale bombani," alisema Msusi. "Usiruke hata mstari. Pale pa kukausha vidole, soma mara mbili."

"Mbele ya mama?"

"Mama anapajua kuliko wewe."

Mama akajifanya hasikii. Fundi saa akaanza, na safari hii hakusoma chini kama mtu anayeiba. Vidole vya Msusi vilikwenda vyepesi, na mkunga hakulia tena mpaka jioni.

Walipofunga, fundi saa alisimama mlangoni, akaitupia saa ya ukutani jicho la mtu anayeagana na rafiki.

"Kwa hiyo kesho haitachelewa," alisema.

"Haitachelewa."

"Sasa nitakuja kufanya nini?"

Msusi alizima taa, akachukua ufunguo, akampitia karibu kuliko nafasi ilivyomlazimu.

"Bisibisi liache nyumbani," alisema. "Njoo tu."